Angani Hakuna pa Kuchimba Dawa

Mazungumzo ya juma hili yanahusu jambo ambalo likitajwa hadharani watu wazima huangalia chini na vijana huangua kicheko. Nalo ni haja ndogo ya rubani. Msicheke kwanza. Nitalisema kwa adabu kadiri niwezavyo, lakini nitalisema, kwa sababu linagusa uhai wa kila mtu anayepanda ndege ndogo: daktari anayekwenda kumchukua mgonjwa kijijini, mtalii anayekwenda mbugani, mkubwa wa serikali anayewahi kikao, na hata mwandishi wa habari aliyebahatika kupewa kiti cha nyuma.

Sote tumesafiri na mabasi ya mikoani. Basi likishakwenda saa tatu au nne, kondakta anapaza sauti kwamba wa kuchimba dawa washuke. Linasimama porini, wanaume upande huu, wanawake upande ule, dakika tano zikipita safari inaendelea. Dereva naye anashuka, ananyoosha mgongo, ananawa uso, anapiga soda. Hakuna anayemwona mzembe. Sasa mchukue dereva huyo umpandishe futi 9,000 juu ya mapori ya Tabora. Mfunge mkanda kwenye kiti ambacho hawezi kusimama wala kugeuka. Mnyang'anye utingo, mnyang'anye dereva wa akiba, mwondolee na barabara yenye pembeni ya kuegesha. Huyo ndiye rubani wa ndege ndogo.

Watu wakiuliza ndege ndogo inaweza kukaa hewani muda gani, hujibiwa kwa hesabu ya mafuta. Tuichukue Cessna 172, ndege yenye viti vinne ambayo imetengenezwa kwa wingi kuliko ndege nyingine yoyote duniani. Zile za miaka ya karibuni hubeba kama lita 200 za mafuta ya kutumia, na injini yake hunywa lita 30 hadi 35 kwa saa. Gawanya mwenyewe. Utapata saa tano na nusu hivi, au sita na zaidi kwa rubani anayebana matumizi.

Hiyo ni hesabu ya ndege. Hesabu ya mwenye kuiendesha ni nyingine. Kibofu cha mtu mzima huanza kupiga hodi kikifikisha kama robo lita, na kikikaribia nusu lita mtu hawezi tena kufikiri mambo mengine. Figo za mtu mwenye afya hutoa lita moja na nusu hivi kwa siku nzima, yaani kama mililita 60 kila saa. Ongeza kikombe cha kahawa alichokunywa alfajiri ili aamke, ongeza baridi ya huko juu, ambayo nayo huzidisha mkojo, na utaona kwamba tangi la rubani hujaa kabla la ndege halijaisha.

Na hiyo haja ni shida moja tu kati ya nyingi. Ndani ya ndege ya injini moja kelele ni kubwa kiasi kwamba bila spika za kuvaa masikioni humsikii aliye ubavuni mwako. Mtetemo unapanda kwenye nyayo hadi unausikia kwenye meno. Jua linakuchoma bega la upande mmoja huku bega la pili linakufa ganzi kwa baridi, maana kila ukipanda futi 1,000 joto hupungua kwa nyuzi mbili hivi. Hewa ni kavu, midomo inapasuka. Miguu imekunjwa mahali pamoja saa baada ya saa, na madaktari wanatuambia kwamba damu iliyotulia namna hiyo inaweza kuganda kwenye mishipa.

Kuna pia suala la pumzi. Ndege kubwa tunazopanda kwenda ng'ambo hushindilia hewa ndani ili abiria apumue bila shida. Ndege ndogo nyingi hazina mtambo huo. Rubani anavuta hewa ileile nyembamba iliyoko nje, na ubaya wa upungufu wa oksijeni ni kwamba hauumi. Mtu anajisikia vizuri, pengine anachangamka kuliko kawaida, kumbe akili inapungua. Usiku macho ndiyo hutangulia kudhoofika. Ndiyo maana wataalamu wa Marekani huwashauri marubani wavute oksijeni ya mtungi kuanzia futi 10,000 mchana, na futi 5,000 tu wakati wa usiku. Futi 5,000, ndugu wasikilizaji, ni chini ya uwanja wenyewe wa Nairobi.

Mambo haya yote yanamwagika kwenye chungu kimoja kinachoitwa uchovu. Mwaka 1997 watafiti wa Australia walichapisha matokeo ya majaribio ambamo waliwakesheza watu, na wakati mwingine wakawanywesha pombe, kisha wakawapima kwa kazi ileile ya mikono na macho. Mtu aliyekaa macho saa 17 alifanya kazi kama mtu mwenye kilevi cha asilimia 0.05 katika damu. Hicho ni kiwango ambacho katika nchi nyingi polisi wa barabarani angekushusha kwenye gari. Rubani aliyeamka saa kumi alfajiri na bado yuko angani saa tatu usiku ameshafika hapo, naye hajaonja hata togwa.

Mwaka 2012 nilipata nafasi ya kuruka kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma kwa ndege ya kukodi yenye injini moja. Tulikuwa abiria watatu: mheshimiwa mmoja, msaidizi wake na mimi. Hatukutua njiani. Ilikuwa safari ya saa nne na nusu. Baada ya Dodoma nilimpa rubani chupa ya maji. Alikuwa mtu mzima kunizidi, mwenye ndevu zilizoanza kuingia mvi. Aliitazama ile chupa, akaniambia kupitia zile spika za masikioni, "Mdogo wangu, asante, lakini nikinywa hapa nitajuta Tabora." Nikacheka. Yeye hakucheka. Toka asubuhi, akasema, alikuwa hajaweka kitu kinywani ila tende mbili.

Tulipotua Kigoma alishuka akishikilia ubawa, akasimama hivyo kwa muda kama mtu anayesubiri miguu yake ifike. Macho yalikuwa mekundu. Alikwenda kule alikokuwa na haraka ya kwenda, akarudi, akanywa chupa nzima kwa pumzi moja, akaomba nyingine. Kikao cha mheshimiwa kikaisha mapema kuliko tulivyotarajia, na saa tisa alasiri akarudi uwanjani anataka tuondoke. Mwenye ndege alishamwambia kwa simu kwamba mafuta yamejazwa na kila kitu ni sawa.

"Kapteni, si ndege iko tayari?" mheshimiwa akauliza.

"Ndege iko tayari, mzee wangu. Mimi ndiye siko tayari."

Nikadhani amefanya utani. Mheshimiwa hakuona utani. Alisema maneno ambayo sitayarudia hapa redioni, akapiga simu, na yule kapteni akapewa simu akaongea na bosi wake kwa dakika kadhaa akiwa amesimama kivulini, chini ya ubawa. Tulimsikia akisema "ndiyo bosi" mara nyingi, na mwisho akasema "hapana bosi" mara moja. Tukalala Kigoma. Asubuhi tuliondoka saa moja na tukafika salama. Je, tungeondoka jioni ile tungeanguka? Sijui, na hakuna ajuaye. Ajali isiyotokea haiandikwi popote, na mtu aliyeizuia hapewi hata barua ya shukrani. Yule kapteni nilisikia kwamba hakupewa tena safari za mheshimiwa yule.

Tabia ya kujinyima maji ili usibanwe njiani si ya kapteni wa Kigoma peke yake. Marubani wa dunia nzima wanaijua, hata wale wa ndege za kivita, na madaktari wa anga wameipigia kelele kwa miaka mingi. Mwili uliokauka huleta kichwa kuuma, usingizi na uzito wa kuamua. Rubani anatatua tatizo la aibu kwa kujitengenezea tatizo la hatari. Na analitatua hivyo kwa sababu aliyemkodi anasubiri, mwenye ndege anahesabu saa za injini, na kutua mahali kwa ajili ya haja ndogo kunaonekana ni utoto.

Sasa niwaonyesheni kwamba mashujaa wakubwa wa anga nao walipita mlango huohuo. Charles Lindbergh, kijana wa Kimarekani wa miaka 25, aliruka peke yake kutoka New York hadi Paris tarehe 20 na 21 Mei 1927, saa 33 na nusu bila kutua. Usiku uliotangulia alikuwa hajapata usingizi. Kiti chake kilikuwa cha kusukwa, kama viti vyetu vya matete, na mbele yake hakukuwa na dirisha kwa sababu tangi kubwa la mafuta liliziba. Hakuchukua redio wala mwavuli wa kujiokolea, ili apunguze uzito. Alichukua sandwichi tano na maji. Kabla hajamaliza bahari usingizi ulimzidi hadi akaona vivuli vya watu nyuma yake, wakimsemesha. Hayo aliyaandika mwenyewe miaka mingi baadaye. Tena alieleza kuwa kilichomsaidia ni ubovu wa ndege yake: haikutulia, ukiiachia kidogo inapotea njia, basi kila alipoanza kusinzia ilimwamsha kwa kuyumba.

Imesimuliwa mara nyingi kwamba alipokaribishwa Uingereza kwa Mfalme George wa Tano, mfalme alimsogeza kando na kumuuliza swali moja: uliwezaje kujisaidia? Lindbergh akamweleza kuhusu kopo la aluminiamu alilokwenda nalo. Maelfu ya waandishi wa habari walimuuliza juu ya upepo, dira na ushujaa. Mfalme, ambaye katika ujana wake alikuwa baharia, ndiye aliyeuliza swali la maana.

Miaka tisa baadaye, Septemba 1936, mwanamke aliyelelewa Njoro, Kenya, alivuka bahari hiyohiyo kwa upande mgumu zaidi, akipambana na upepo unaotoka magharibi. Beryl Markham aliondoka Abingdon, Uingereza, jioni, katika ndege ndogo ya injini moja aina ya Vega Gull. Matangi ya akiba yalikuwa yamejazwa ndani palepale pa kukaa watu, kwa hiyo hata nafasi ya kunyoosha mguu haikuwapo. Alikaa hivyo zaidi ya saa 20, usiku mwingi gizani, hadi mafuta yalipokatika kwa barafu iliyoziba mfumo wake, akaangukia kwenye matope ya Nova Scotia, Kanada. Alitoka na jeraha kichwani. Alikuwa ameruka kwa miaka kadhaa kutoka Nairobi akibeba barua na kutafuta tembo kwa ajili ya wawindaji, na kazi hiyo ya pori ndiyo iliyomfundisha kukaa muda mrefu peke yake.

Lakini kisa ninachokipenda kuliko vyote ni cha hoteli. Huko Las Vegas, Marekani, kulikuwa na hoteli ya kamari iliyoitwa Hacienda. Fundi wake wa mashine za kamari, Robert Timm, aliyekuwa rubani wa ndege za mabomu wakati wa Vita Kuu ya Pili, alimshawishi mwenye hoteli agharamie safari ya kuvunja rekodi ya kukaa angani. Hoteli ingepata matangazo, na mchango ungekwenda kwenye mfuko wa utafiti wa saratani. Majaribio matatu ya mwanzo yalishindikana. La nne Timm aliondoka na John Cook, fundi wa ndege aliyekuwa pia rubani, tarehe 4 Desemba 1958, katika Cessna 172. Ndiyo, ileile tuliyopigia hesabu ya saa tano na nusu. Walitua tarehe 7 Februari 1959. Siku 64, saa 22 na dakika 19.

Unauliza waliwezaje. Walipopaa tu walishuka chini sana juu ya gari lililokuwa likikimbia uwanjani, na mtu aliyekuwa ndani ya gari akapaka rangi nyeupe kwenye magurudumu ya ndege, ili siku ya kutua ionekane kama waliwahi kugusa ardhi kwa siri. Kila siku mara mbili walishuka karibu na ardhi kwenye barabara iliyonyooka jangwani, lori likakimbia chini yao, nao wakavuta mpira wa mafuta kwa winchi. Jikoni kwa hoteli chakula kilikatwakatwa vipande na kushindiliwa kwenye chupa za chai, wakakivuta juu vivyo hivyo. Kiti cha pili kilikuwa kimeng'olewa, pakatandikwa godoro. Walikuwa na karo ndogo ya kunawia, na choo cha kukunja cha wapiga kambi chenye mifuko ya plastiki. Mifuko hiyo ilipojaa ilikwenda jangwani kwa njia ambayo leo ingewapeleka mahakamani.

Walipokezana usukani kila saa nne. Jaribu kulala, ndugu msikilizaji, mchana, kichwa chako kikiwa umbali wa mkono mmoja au miwili kutoka kwenye injini isiyozimwa. Hawakulala. Waliparamia tu usingizi na kuteleza. Na siku ya 36, usiku wa manane, zamu ikiwa ya Timm, alilala akiwa ameshika usukani. Mtambo wa ndege kujiendesha wenyewe uliishikilia ndege kwa zaidi ya saa nzima, ikipita gizani kati ya milima. Alipozinduka hakujua yuko wapi. Siku chache baadaye jenereta ikafa, na mtambo uleule uliowaokoa ukafa nao. Kutoka hapo hawakuwa na taa wala joto, na mafuta wakayasukuma kwa pampu ya mkono. Bado walikaa juu karibu mwezi mzima zaidi.

Injini nayo ilichoka, tusiionee. Masizi yalijaa ndani yake hadi ikashindwa kupandisha ndege yenye mzigo kamili. Lakini ilikuwa imefanya kazi saa 1,558 mfululizo, na wenye kuiendesha walikuwa wamevunjika kabla yake. Inasimuliwa kwamba Cook alipoulizwa baadaye kama angerudia, alijibu kuwa siku akipatwa tena na hamu hiyo atajifungia ndani ya pipa la taka pamoja na mashine ya kufyonza vumbi ikinguruma. Hoteli ya Hacienda ilibomolewa kwa baruti mwishoni mwa mwaka 1996. Ndege ipo. Imetundikwa kwenye dari ya uwanja wa ndege wa Las Vegas, na wasafiri wanasubiri mabegi yao chini yake.

Mwaka 1986 Dick Rutan na Jeana Yeager waliizunguka dunia bila kutua na bila kuongezewa mafuta, siku tisa, katika ndege iliyoitwa Voyager. Walikaa wawili katika kijumba kidogo mithili ya kibanda cha simu, mmoja akiendesha na mwingine amelala chali. Walipovuka bara letu la Afrika mawingu ya radi yaliwalazimisha kupanda juu sana, wakaishi kwa oksijeni ya mitungi. Rutan alishindwa kuuachia usukani karibu siku tatu za kwanza. Walirudi California wakiwa na galoni chache mno za mafuta. Hao nao walikuwa wakitegemea ukakamavu, sawa na Lindbergh.

Badiliko ninaliona mwaka 2015. Mswisi André Borschberg, mwenye miaka 62, alitoka Nagoya, Japani, hadi Hawaii peke yake kwa ndege inayotumia nguvu ya jua, Solar Impulse 2. Saa 117 na dakika 52. Siku tano mchana na usiku. Chumba chake hakikuwa na joto wala hewa ya kushindiliwa. Lakini waliomtengenezea ndege walikuwa wamekaa chini na kupanga mwili wake kama walivyopanga betri. Kiti kililala kikawa kitanda, na kilikuwa pia choo. Alilala dakika 20 kwa wakati mmoja, mara kadhaa kwa siku, kwa ratiba aliyokuwa ameizoea kwa mazoezi ya miaka. Alinyoosha viungo kwa yoga akiwa amekaa. Kama ni ushujaa, basi huu ulianza mezani, kwa watu kukubali bila haya kwamba rubani atalala, atakunywa, atakojoa. Samahani, neno limenitoka.

Mtasema huyo alikuwa na wafadhili. Kweli. Lakini hebu tazama sheria zinavyogawa uangalifu. Marekani rubani wa ndege ndogo binafsi anayeruka kwa kuona haruhusiwi kuondoka bila mafuta ya akiba ya dakika 30 mchana na dakika 45 usiku. Akipita futi 12,500 kwa zaidi ya nusu saa lazima avute oksijeni, na juu ya futi 14,000 lazima aivute muda wote. Rubani wa peke yake anayeendesha ndege ya kukodiwa anaruhusiwa saa nane tu za kuruka katika saa 24. Mamlaka za anga za Tanzania na Kenya nazo zina kanuni za saa za kazi kwa marubani wa biashara. Kwa ndege binafsi ya Marekani, ya mtu na familia yake, hakuna kikomo cha saa. Na maji ya kunywa, haja na mgongo vimeachwa kwa rubani na aibu yake mwenyewe. Mafuta yana akiba iliyoandikwa, mtu hana.

Kwa mwanamume aibu hiyo humalizwa na chupa yenye mdomo mpana na abiria mwenye ustaarabu wa kutazama dirishani. Kwa rubani mwanamke mambo ni magumu zaidi, nao wanazidi kuongezeka, kwetu na kwingineko. Vifaa vilibuniwa kwa miaka mingi na wanaume kwa ajili ya wanaume. Jeshi la anga la Marekani lenyewe, pamoja na fedha zake zote, lilikuwa bado linahangaika katika miaka ya 2020 kuwapatia marubani wanawake kifaa kinachofaa. Wengine huvaa nepi za watu wazima, wengine hutumia mifuko yenye unga unaogeuza maji kuwa kama uji mzito. Wengi hufanya kama kapteni wangu: hawanywi. Dada mmoja anayeruka kwenye njia za utalii aliniambia kwamba yeye hupanga vituo vyake kwa kuangalia kiwanja gani kina choo chenye mlango unaofungika. Hakuna ramani ya anga inayoonyesha hivyo.

Sasa ninyi mnaokodi ndege hizi, na mnaopandishwa kwa fedha za ofisi, semeni maneno mawili kabla ya kuondoka: kapteni, umelala? Kapteni, umekunywa maji? Safari ikizidi saa tatu, pendekezeni ninyi wenyewe kutua mahali. Mkisema ninyi, aibu inakuwa yenu na yeye anapumzika. Atakayejifanya amebanwa ili rubani apate nafasi, nitampongeza. Msipange kikao saa nne Kigoma na chakula cha jioni Dar es Salaam siku ileile kwa rubani mmoja. Gharama ya kumlaza rubani hotelini usiku mmoja iandikeni kwenye bajeti tangu mwanzo, jirani na gharama ya mafuta, ili asiwepo wa kushangaa. Wenye ndege nao wanunue spika za masikioni zinazozima kelele na mto wa kukalia wa heshima. Rutan na Yeager walivaa spika za majaribio za aina hiyo mwaka 1986 ili wasitoke wakiwa viziwi. Siku hizi zinauzwa madukani.

Nimepokea pia barua mbili kuhusu mazungumzo ya juma lililopita juu ya maji ya visima vya Temeke. Nitazijibu Jumapili ijayo, Mungu akipenda, saa ileile.